Sukari ya mimba: kwa nini wananichoma mara tatu? Maswali ya akina mama wa Bukavu

Kwenye benchi la CPN, kliniki ya wajawazito, swali linarudi kila mara: "Nasikia shangazi yangu mwenye diabeti anachomwa mara moja tu, tena amekula. Mimi kwa nini mninyweshe sukari na kunishindisha njaa?" Kipimo cha shangazi kinaitwa HbA1c. Swali ni la haki, na jibu lake si la mstari mmoja.

Kwanza, sukari ya mimba ni nini?

Ni sukari ya damu inayopanda mimba ikiwa imeshakua. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoidhoofisha insulini ya mama. Kongosho za wengi zinaongeza insulini na mambo yanaendelea. Za wengine zinashindwa. Mara nyingi mama hasikii chochote, ndiyo maana tunaitafuta badala ya kungoja dalili. Ikiachwa, mtoto anaweza kunenepa kupita kiasi, bega likakwama wakati wa kuzaliwa, na akishatoka sukari yake mwenyewe ikaanguka. Mama naye anakuwa karibu zaidi na presha ya mimba.

Hicho kinywaji ni nini?

Gramu 75 za glukosi katika maji, kama glasi moja kubwa, kati ya juma la 24 na la 28 la mimba. Unakuja hujala tangu usiku. Tunatoa damu, unakunywa kwa dakika tano, tunatoa tena baada ya saa moja na baada ya masaa mawili. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka hii mwaka 2013: 92 kabla ya kunywa, 180 baada ya saa moja, 153 baada ya masaa mawili, kwa miligramu katika desilita. Namba moja tu ikifika, ni sukari ya mimba. Ikifika 126 hujala, au 200 baada ya masaa mawili, hiyo ni diabeti kamili.

Masaa hayo mawili ndiyo yanayoharibu kazi. Mama anakunywa, anatazama saa, anasema ngoja nishuke sokoni Kadutu nikaangalie sambaza zangu, vile visamaki vidogo, nitarudi. Anarudi kweli, akihema, ameshuka na kupanda mlima. Misuli yake imekula sukari njiani, na namba inatoka nzuri kuliko ukweli. Kaa. Funga mandazi na avoka kwenye mfuko, utakula tukimaliza.

Basi HbA1c ina ubaya gani?

Haina ubaya, ila inajibu swali jingine. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe moja huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo HbA1c inasoma wastani wa miezi miwili au mitatu. Sukari ya mimba ni ngeni, tena mara nyingi hupanda baada ya chakula na kushuka. Ukiipigia wastani inajificha.

Halafu kuna chembe zenyewe. Mimba inazibadilisha upesi, namba inashuka. Malaria inazivunja, anemia ya SS (selimundu) inazivunja, namba inashuka tena. Upungufu wa chuma unaipandisha. Kwetu huku mama mmoja anaweza kuwa na malaria mwezi uliopita na upungufu wa chuma leo. Namba yake inasema nini? Mimi sithubutu kuisoma peke yake.

Mwanzoni mwa mimba, hapo inafaa: ikifika asilimia 6.5, inaonyesha kwamba mama alikuwa na diabeti kabla ya kushika mimba.

Mtu anajuaje kama kipimo ni kizuri?

Tuchukue mfano wa kubuni. Akina mama 100 wamekuja, 10 wana sukari ya mimba. Kipimo kipya kinawanasa 6 na kuwaacha 4 waende nyumbani wakishukuru Mungu. Kati ya 90 walio wazima, kinawashtua 9. Walioambiwa "unayo" ni 15, na 9 kati yao hawana kitu. Anayekuuzia kipimo atakwambia habari za wale 6. Wewe muulize habari za wale 4.

Na kipimo cha kinywaji, chenyewe hakikosei?

Kinakosea. Mama yuleyule akirudia juma lijalo anaweza kutoa namba tofauti. Na ile mipaka ilitokana zaidi na utafiti wa sukari ya wajawazito uitwao HAPO, uliotolewa mwaka 2008, wa akina mama zaidi ya 23,000 katika vituo 15 vya nchi 9. Hakuna hata kituo kimoja cha Afrika. Tena utafiti huo ulionyesha kwamba hatari inapanda polepole pamoja na sukari, bila ngazi. Mstari wa 92 walichora wataalamu baada ya mabishano. Natumia kinywaji kwa sababu sina kilicho bora.

Kimashine cha kidole je?

Kinasaidia, ila hata kilichopita viwango kinaruhusiwa kukosea hadi 15 juu au chini sukari ikiwa chini ya 100. Kikisoma 92, ukweli unaweza kuwa 80. Ukiwa na upungufu wa damu, kinaelekea kusoma juu. Na nawa mikono: kidole kilichomenya embe kina sukari yake.

Damu ya mshipa nayo ina adui, ni muda. Ndani ya chupa chembe zinaendelea kula sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Chupa ikipakiwa kwa motari (pikipiki), ikakuta umeme umekatika na mashine ya kutenganisha damu imelala, mgonjwa anaweza kuandikwa mzima. Uliza labo: damu yangu inapimwa hapa, au inasafiri?

Mkojo hautoshi?

Hapana. Figo za mjamzito huvujisha sukari hata kwa mzima.

Nikikutwa nayo, bugali basi?

Bugali inabaki, inapungua. Sombe (kisamvu), maharagi na samaki vinaongezeka, soda inaondoka, na kutembea baada ya kula kunasaidia sana (Bukavu milima haijatunyima). Wengi wanatulia hivyo. Wasiotulia hupewa insulini.

Nikishajifungua imekwisha?

Kwa wengi inashuka, lakini hatari ya diabeti ya baadaye inabaki. Rudi baada ya majuma 6 hadi 12. Usiombe HbA1c siku hiyo: umepoteza damu, itadanganya. Ni kinywaji tena, samahani. Njoo na mtu wa kukubebea mtoto, masaa mawili ni mengi.