Nyota zangu zinakaa wapi? Miezi minne na digiKam na darktable

Mwezi Machi mteja wangu wa zamani alinipigia simu saa mbili usiku. Nilimpiga picha za sendofu yake huko Muheza mwaka 2019. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ile, na familia ilitaka picha moja nzuri ya mzee ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. "Dada, kuna ile anacheka, kashika fimbo," akaniambia. Niliikumbuka vizuri sana. Niliipa nyota tano, alama ya picha bora, siku ile ile niliyokuwa nachambua. Nikamwambia nipe nusu saa.

Niliipata saa saba usiku.

Wiki mbili kabla ya simu hiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski ya ndani ya kompyuta yangu ikafa. Picha zenyewe zilikuwa salama kwenye diski za nje. Kilichokufa ni katalogi, lile faili moja ambamo programu niliyokuwa naitumia, ya kulipia kila mwezi, ilitunza nyota, lebo, majina ya watu na marekebisho yote ya miaka sita. Nakala ya katalogi nayo niliiweka kwenye diski ile ile. Hapo simlaumu mtu, uzembe ulikuwa wangu. Kulikuwa na njia ya kuiamuru programu iandike maelezo pembeni ya kila picha, nami sikuwahi hata kufungua ukurasa wa mipangilio.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na studio ya filamu hapa Tanga. Kila ukanda wa negativu aliutia kwenye bahasha ya karatasi, na juu ya bahasha akaandika kwa penseli jina la mteja, tarehe na namba ya picha iliyochaguliwa. Bahasha ikihamia kabati jingine, maandishi yanahama nayo. Mimi na kompyuta yangu ya kisasa nilikuwa na bahasha elfu arobaini zisizo na neno lolote juu yake, na maelezo yote kwenye daftari moja. Daftari likaungua.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta programu mpya sikuuliza ipi ina vichujio vizuri. Niliuliza nyota nikiipa picha, ile nyota inaandikwa wapi?

Nilizozijaribu ni mbili, digiKam na darktable. Zote ni programu huria, hazilipiwi, na zinaingia kwenye Windows, macOS na Linux. digiKam ni ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, na imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. darktable ni changa kidogo, ilianzishwa na Johannes Hanika mwaka 2009, na kwenye Windows iliingia rasmi mwishoni mwa 2017. Kwa kifupi, digiKam ni kabati na darktable ni chumba cha giza. Kila moja inajua kidogo kazi ya mwenzake, lakini ukiilazimisha kuifanya yote utaichukia.

Nilizipa mtihani mmoja: harusi ya mwezi Aprili, siku tatu, kamera mbili, picha 2,314, gigabaiti 61.

digiKam inafurahisha mtu mwenye mazoea ya folda. Albamu zake ndizo folda zako zilezile za kwenye diski, haikuhamishii kitu. Ukitengeneza albamu ndani ya programu, folda inatokea, ukifuta, inafutika. Kabla hujagusa chochote, nenda kwenye mipangilio ya metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha, na uhakikishe umeiruhusu kuandika nyota, lebo na majina, kisha uiambie iandike kwenye kifaili cha XMP kinachokaa ubavuni mwa picha. Picha ghafi za RAW hupendi programu yoyote iziandikie ndani. Kifaili cha pembeni kikiharibika, umepoteza nyota moja. RAW ikiharibika, umepoteza harusi ya mtu.

Kifaili chenyewe hakina maajabu. Nilikifungua kwa Notepad. Picha inaitwa IMG_2045.CR2, kifaili kinaitwa IMG_2045.CR2.xmp, na ndani yake ni maandishi matupu. Nikashuka na macho mpaka nikakuta xmp:Rating="4", na hatua chache mbele yake majina ya watu niliowatambulisha. Nilikaa nikautazama ule mstari kama mtu aliyeona bahasha ya mzee wake imerudi.

Sasa nyuso. digiKam inaweza kutambua sura za watu, na tangu toleo la 7 la mwaka 2020 inatumia mitandao ya neva. Mara ya kwanza itakuomba ipakue data yake, mamia ya megabaiti, kwa hiyo andaa bando. Baada ya hapo kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako, unaweza hata kuzima intaneti. Kwangu hili ndilo lililokata shauri. Mimi ni mpiga picha wa kike, na nusu ya kazi zangu ni sherehe za wanawake watupu: siku ya hina, singo, kumpamba bibi harusi. Familia inanifungulia mlango kwa sababu picha zile hazitaonwa na mwanamume. Mama wa bibi harusi akiniuliza "Mwanangu, picha hizi zinakwenda wapi?", siwezi kumjibu kwamba zinapanda kwenye seva nchi nisiyoijua ili mashine imtambue shangazi. Namwambia ziko kwenye diski hii, na diski namwonyesha.

Utambuzi wenyewe ni wa wastani. Sura iliyotazama kamera mchana inaipata vizuri. Ukumbini chini ya taa za zambarau inapapasa. Ndugu wa tumbo moja inawachanganya sana, na mara moja ilinionyesha kwa fahari sura ya mtu asiyejulikana, iliyorudiwa kwenye picha zaidi ya hamsini. Nikakuza. Ilikuwa sura ya kiongozi iliyochapwa kwenye kitenge cha mama mmoja wa mstari wa mbele. Ukifuta makosa ya namna hiyo na kuthibitisha ya kweli, kidogo kidogo inashika. Nilimaliza majina 38 kwa jioni mbili. Leo nikiandika jina la babu wa bwana harusi naletewa picha zake zote, 21, hata ile anayosinzia.

Baada ya digiKam nikaiingiza folda kwenye darktable. Hii ina vyumba viwili vikuu, na majina yake yametoka studio za filamu: meza ya mwanga, ambapo unachambua, na chumba cha giza, ambapo unasafisha. Kwa kibodi ni herufi L na D. Ilisoma XMP za digiKam bila shida, nyota na lebo zikatokea. Namba 1 hadi 5 zinatoa nyota, R inakataa picha, X inakuwekea picha chache ubavu kwa ubavu uchague iliyo kali. Kasi ya kuchambua inanitosha.

Kitu kitakachokushtua siku ya kwanza ni kwamba picha inaanza kuonekana nzuri, halafu baada ya sekunde moja inapauka. Hujaharibu kitu. Ile nzuri ni JPEG ndogo ambayo kamera imeificha ndani ya RAW, ikiwa tayari imeshapakwa rangi na kamera yenyewe. Iliyopauka ni RAW yenyewe, unga kabla haujakandwa. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Zile ngazi za ziada ndizo zinazokuruhusu kuuvuta uso kutoka gizani bila ngozi kugeuka majivu.

Nichukue picha moja. Bibi harusi ameketi jukwaani, shela jeupe, ngozi ya maji ya kunde iliyoiva. Kamera inapopima mwanga huwa inataka wastani wa picha ufike kijivu cha kati, na shela jeupe likijaa fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza. Shela linatoka vizuri na uso unazama. Zamani ningependezesha shela kwanza halafu nihangaike na uso. darktable imenifundisha kuanzia usoni. Nafungua moduli ya mwangaza (moduli ni kifaa kimoja cha kurekebisha picha), napandisha mpaka uso ukae pake, kwenye picha hii ilikuwa kipimo 1.2, na shela naliacha liungue kwa muda. Kisha moduli iitwayo sigmoid, ambayo kazi yake ni kuukunja mwanga mwingi uingie kwenye uwezo wa skrini, inalirudisha shela taratibu mpaka nakshi zinaonekana. Moduli mbili, dakika moja.

Utaratibu huu wa uso kwanza una historia yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mwanamke wa kwenye kadi alikuwa mzungu. Ngozi zetu zilikuwa zinapatikana kwa bahati. Programu ya leo haikulazimishi kipimo cha mtu mwingine, ila lazima ujue kipimo chako. Na tukiwa hapo: mteja akiniambia "dada, nifanye mweupe kidogo", namrekebishia mwanga, rangi yake siigusi. Wawili wameshanikasirikia.

Taa za zambarau za kumbini ni kesi nyingine. Moduli ya kusawazisha rangi inaweza kuwekwa mara mbili kwenye picha moja, kila moja na barakoa yake, yaani eneo unaloliwekea mpaka ili marekebisho yasitoke nje yake, kwa hiyo upande wa dirishani unaupa tiba yake na upande wa taa tiba yake. Mwanga ukiwa mchanganyiko, inafanya kazi ajabu. Lakini uso ukimulikwa na LED ya zambarau peke yake, rangi nyingine hazikuingia kwenye kamera na hakuna programu ya kuzirudisha. Picha hizo nazigeuza nyeusi na nyeupe na wateja wanadhani ni ubunifu.

Uzito upo. Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 8 na haina kadi ya michoro ya maana. Moduli ya kuondoa chenga, zile punje za picha zilizopigwa kwenye giza, ni nzuri kuliko nilizowahi kutumia, lakini ukiiwasha, kila ukigusa kitu unasubiri. Siku hizi naiwasha mwishoni, kwa picha zote kwa mpigo, natoa JPEG usiku, asubuhi nakuta feni imenyamaza. Kuondoa mtu mzima aliyeingia kwenye fremu bado nakwenda GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha. Na moduli ni nyingi mno; mtu anayetaka vitufe sita vya kuburuta atakata tamaa wiki ya kwanza. Mimi natumia tisa, zilizobaki nimezificha.

Mtihani wa mwisho ndio niliokuwa nausubiri. Nilinakili folda nzima kwenye diski, nikaipeleka kwa mdogo wangu, nikaweka darktable mpya kwenye kompyuta yake ambayo haijawahi kuona picha zangu. Nyota zilikuja. Majina yalikuja. Marekebisho yalikuja, mpaka barakoa za ukumbini. Nikapima XMP zote za harusi ile: hazikufika megabaiti 30. Jasho la wiki nzima linaingia kwenye flashi yoyote. Angalizo moja tu: nyota na lebo zinasomeka na programu nyingi, lakini marekebisho ya darktable yanaeleweka na darktable yenyewe. Ndiyo maana kila picha ya mwisho naitoa pia kama JPEG kubwa na kuihifadhi pamoja.

Kuna mahali niliumia. Siku moja nilibadilisha jina la folda nikiwa nje ya programu, kwa mazoea tu. Kufungua darktable, picha mia sita zimegeuka mafuvu. Kweli, huchora fuvu pale faili lisipoonekana lilipokuwa. Moyo ulinipasuka, nikakumbuka Machi. Kumbe hifadhidata yake inakumbuka njia ya folda, na nilikuwa nimeibadilisha njia. Nikarudisha jina la mwanzo, mafuvu yakaondoka. Sasa folda ikishaingia darktable, jina lake siligusi.

Za zamani nimeanza kuzipitia upya, folda moja kila Jumapili, nyota kwa nyota. Ya Muheza ndiyo niliyoanza nayo. Picha ya mzee na fimbo yake sasa ina jina lake. Kesho naingia ya Pangani, picha 1,870, na bibi harusi yule alikuwa pacha.