Mazao ya chembe hayatoshi kutaja kani iliyohusika

Ufafanuzi huu unatolewa kwa sababu tunapouliza ni kani ipi imevunja chembe fulani, kitengo chetu kinaendelea kupokea majibu yenye kosa lilelile. Mtu anaona chembe imevunjika ikatoa hadroni tupu (chembe zilizoundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki), papo hapo anaandika “kani kali”, ile inayofunga kwaki pamoja, na kufunga daftari. Tunaamini anafanya hivyo kwa nia njema. Lakini hapana.

Chukua hadroni iitwayo lambda. Huvunjika ikatoa protoni na pioni hasi (hadroni nyepesi yenye chaji hasi). Delta isiyo na chaji, hadroni nyingine, nayo hutoa protoni na pioni hasi. Mazao ni yaleyale, kani ni mbili tofauti. Lambda inayo kwaki ya aina s, ambayo haipo katika protoni wala pioni, na kani pekee inayoweza kugeuza aina ya kwaki ni kani dhaifu. Delta haihitaji mgeuzo huo, hivyo humalizwa na kani kali ndani ya muda usiofika sekunde 10⁻²³. Lambda hudumu wastani wa sekunde 2.6 × 10⁻¹⁰, yaani zaidi ya mara trilioni kumi ya muda wa delta.

Utaratibu ufuatwe kwa mpangilio wake. Kwanza hakiki nishati, chaji na idadi ya barioni (hadroni za kwaki tatu, kama protoni). Kimoja kisipolingana, tukio hilo haliingii katika kundi la kani yoyote. Liandikwe “haliwezekani” na lisiendelee hatua ya pili, hata kama hatua zilizobaki zinapendeza. Pili, tafuta nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji). Ikiwepo, ni kani dhaifu, mjadala umekwisha. Tatu, hesabu kila aina ya kwaki, ukitoa antikwaki zake, kabla na baada; hesabu zikitofautiana, ni kani dhaifu. Zikilingana, hapo ndipo uulize kuhusu fotoni (chembe ya mwanga), kama pale sigma isiyo na chaji, hadroni nyingine, inapogeuka lambda na fotoni: hiyo ni kani ya sumakuumeme. Anayeanza na fotoni atakosea, maana mara nyingine fotoni huandamana na mvunjiko wa kani dhaifu. Kinachobaki, kwa kawaida, ni kani kali.

Muda wa kuishi utumike kama ushahidi wa ziada tu. Neutroni huru, inayovunjika kwa kani dhaifu, hudumu karibu dakika 15 kwa kuwa inapovunjika inabakiwa na nishati ndogo mno, takriban MeV 0.78 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe; GeV moja ni MeV 1000). Kwaki ya topu, yenye uzito wa takriban GeV 173, huvunjika kwa kani dhaifu hiyohiyo katika sekunde 5 × 10⁻²⁵ hivi, haraka kuliko delta. Kwa hiyo tafadhali, msituandikie tena kwamba kani dhaifu daima ni ya polepole.