Nyoka wa Mwanzo 3 alidanganyaje hasa?

Nikifundisha Mwanzo 3, sianzi na Shetani. Ukimtaja dakika ya kwanza, wasikilizaji hujiona wameshajua mwisho, na wanakosa kitu chenye manufaa makubwa katika sura hiyo: namna udanganyifu unavyoundwa, neno kwa neno.

Kwanza soma 2:16-17. Mungu anaruhusu matunda ya kila mti, kisha anakataza mti mmoja tu. Halafu soma swali la nyoka katika 3:1: ati Mungu amesema msile matunda ya miti yote ya bustani? Ruhusa pana imegeuzwa kuwa katazo pana. Hawa anamsahihisha, lakini naye anaongeza "wala msiyaguse", maneno yasiyokuwamo katika amri ya sura ya 2. Hapo tayari Mungu ameanza kuonekana mchoyo, na nyoka bado hajasema uongo wa wazi hata mmoja, ameuliza tu. Kanusho linakuja katika 3:4, "hakika hamtakufa", na mara moja linafuatwa na sababu: Mungu anajua mkila mtafumbuliwa macho na kuwa kama yeye.

Mahali hapa ndipo wahubiri wengi hupita haraka. Soma 3:7: macho yao yalifumbuliwa kweli. Soma 3:22: Mungu mwenyewe anasema mtu amekuwa kama mmoja wetu, kwa kujua mema na mabaya. Wala Adamu hakuzikwa siku ile; 5:5 inampa miaka 930. Karibu kila alichoahidi nyoka kina chembe ya ukweli ndani yake. Alichokificha ni gharama: aibu, kujificha, kulaumiana, kufukuzwa bustanini na, mwishowe, kurudi mavumbini. Katika darasa nawashauri watu wachore safu mbili, moja ya alichosema nyoka, nyingine ya alichokiacha. Safu ya pili ndiyo somo.

Mbinu hiyohiyo inarudi katika Mathayo 4:6. Ibilisi ananukuu Zaburi 91 kumshawishi Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Anachukua mstari wa 11, anaacha maneno "katika njia zako zote", anamalizia na wa 12, halafu anakoma. Mstari wa 13, asioufikia, unasema mwenye kumtumaini Mungu atawakanyaga simba na nyoka.

Je, basi nyoka wa bustanini ni Shetani? Kwa Mkristo, ndiyo, ila useme umeitoa wapi. Mwanzo 3 inamwita mnyama wa mwitu, na jina la Shetani halimo kabisa. Hekima 2:24, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na Waorthodoksi, inasema kifo kiliingia duniani kwa wivu wa Ibilisi. Ufunuo 12:9 na 20:2 ndizo zinazosema waziwazi kwamba nyoka wa zamani ni Ibilisi na Shetani.

Kuna jambo linaloniuma katika mahubiri yetu: nyoka huelekezwa kwa waganga, kwa majirani wa dini nyingine, na mara nyingi mno kwa wanawake. Injili ya Mathayo inaelekeza kwingine. "Wazao wa nyoka" wanaitwa Mafarisayo na Masadukayo (3:7), kisha Mafarisayo tena (12:34), kisha waandishi na Mafarisayo (23:33). Hao ni walimu wa Maandiko, watu walioshika neno la Mungu mikononi kila siku. Nani mwingine angeweza kulipindisha kwa ustadi hivyo?

Kosa lingine ni kumfanya kila nyoka wa Biblia kuwa Shetani. Ukifika Hesabu 21:8-9 utakwama, maana Mungu ndiye anayeagiza nyoka wa shaba, na aliyeumwa akimtazama anapona. Yohana 3:14 inamfananisha Yesu aliyeinuliwa na nyoka huyo. Lakini pia usiishie hapo: katika 2 Wafalme 18:4 mfalme Hezekia anamvunjavunja nyoka huyohuyo kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Na Mathayo 10:16 inawaagiza wanafunzi wawe na busara kama nyoka.

Marko 16:18, "watashika nyoka", itumie kwa tahadhari kubwa. Mistari ya 9-20 haimo katika hati mbili kongwe za Biblia ya Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, Sinaiticus na Vaticanus. Marekani, George Went Hensley, mhubiri aliyeeneza desturi ya kushika nyoka ibadani, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Paulo kule Malta hakumtafuta nyoka. Alikuwa akiokota kuni (Matendo 28:3). Wenyeji walipomwona ameumwa walisema ni mwuaji, na alipokosa kuvimba wakasema ni mungu. Walikosea mara zote mbili. Kwa hiyo muumini wako akiumwa shambani, usimtafutie dhambi wala laana. Mpeleke hospitali upesi.