Kisanduku cheusi sio cheusi, na ndege ndogo nyingi hazina

Juzi tena kwa kinyozi, tivii inaonyesha ndege ndogo ya mtu binafsi imeanguka dakika chache tu baada ya kupaa, na kaka mmoja pale anasema kwa uhakika kabisa "hapo kisanduku cheusi washakificha, mtaona". Hii kauli nimeisikia mara nyingi mno, na inaumiza kwa sababu ndugu wa marehemu nao wanaisikia. Wacha tuelezane.

Kisanduku cheusi ni vinasa viwili, kimoja kinarekodi sauti za chumba cha rubani, kingine kinarekodi mwendo, kimo, uelekeo na hali ya injini. Vinakaa huku nyuma mkiani maana mkia ndo mara nyingi unasalimika. Basi, ndo hicho.

Sasa jina. Chenyewe kimepakwa rangi ya chungwa inayowaka ili kionekane haraka kwenye mabaki, na sio kweli kwamba kinaitwa cheusi sababu kinatoka motoni kimeungua. Wakati wa vita kuu ya pili wanajeshi wa anga wa Uingereza walikua wanaita "kisanduku cheusi" mtambo wowote wa umeme uliofungiwa kwenye kasha, we unauona kwa nje tu, ndani unafanyaje kazi hujui. Kwa hiyo weusi wenyewe ni wa kutoona ndani, rangi haihusiki. Halafu miaka ya 1950 kule Melbourne, Australia, akaja mwanasayansi David Warren, ambaye baba yake alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1934 yeye akiwa mtoto wa miaka 9, akatengeneza kinasa cha kuhifadhi sauti za marubani kwenye waya wa chuma, na lile jina la vitani likakiganda hadi leo.

Lakini kinachoniuma hasa ni hiki. Sheria za kimataifa zinadai vinasa hivyo hasa kwa ndege zenye uzito unaozidi kilo 5,700, na Cessna 172, ile ya viti vinne wanayojifunzia watu urubani, hata ikijaa haifiki kilo 1,200. Nyingi hazijawahi kufungiwa kinasa, sasa utafichaje kitu ambacho hakikuwepo?

Na wachunguzi hawakai bure. Wanaangalia propela, bapa likijipinda kuelekea mbele ujue injini ilikua inasukuma wakati inagonga chini. Wanachukua hata taa ndogo ya onyo ya kwa rubani wanaiangalia kwa lenzi, maana uzi wa ndani ukiwa umewaka unavutika kwa kile kishindo, ukiwa baridi unakatika tu. Ile ndege ndogo Cessna 402 iliyomuua mwanamuziki wa Marekani Aaliyah na wenzake wanane, Bahamas, 25 Agosti 2001, ilianguka karibu kabisa na mwisho wa njia ya kurukia, na jibu lilipatikana kwa kujumlisha mizigo, mafuta na watu, wakakuta imezidi uzito kwa zaidi ya kilo 300 na mzigo umeelemea nyuma.

Kwahiyo kaka yangu wa kwa kinyozi, siku nyingine usiulize kisanduku kiko wapi, uliza kwanza ndege ilikua na uzito gani, na ilipakiwaje. Na kile cha kwenye ndege kubwa tukiite kinasa safari tu, ndo kazi yake.