Mhadhara wa Sayansi kwa Umma: Maana na Namna Unavyofanya Kazi

Mhadhara wa sayansi kwa umma ni mazungumzo ambayo mtafiti, aghalabu wa chuo kikuu, huyatoa mbele ya watu ambao si wanafunzi wake wala wataalamu wenzake, ili kuwaeleza jambo analolichunguza, jinsi anavyolichunguza na kiasi cha uhakika alichokifikia. Mlango huwa wazi kwa yeyote, mara nyingi bila kiingilio, na mwishoni hakuna mtihani wala cheti. Msikilizaji, kwa hiyo, halazimiki kuvumilia: akichoka ataondoka, na hilo peke yake hubadilisha namna mada inavyopaswa kupangwa.

Mhadhara huu hutofautiana na ule wa darasani, unaofuata mtaala na kumchukulia msikilizaji kuwa amekwisha kupita hatua za awali, na pia na wasilisho la kongamano, ambalo hulenga wataalamu wanaotaka kuziona mbinu na takwimu ili wazikosoe. Mhadhara wa uzinduzi wa profesa umekaa katikati: ni sherehe ya kitaaluma ambayo umma hualikwa. Wapo maprofesa wanaoitumia nafasi hiyo vizuri, na wapo wanaosoma makala ya kitaalamu neno kwa neno mbele ya jamaa wanaopiga makofi kwa heshima tu.

Utamaduni huu una historia ndefu. Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London iliyoanzishwa mwaka 1799, ilipata umaarufu mapema kwa mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Mwaka 1812 kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday, alihudhuria mihadhara hiyo kwa tiketi alizopewa na mteja wa duka alimofanyia kazi, akaandika aliyoyasikia, akayajalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika taasisi hiyo kuwa msaidizi wa maabara. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanza hapo mwaka 1825 na ambayo Faraday aliitoa mara nyingi, inaendelea hadi leo.

Mihadhara yake inayokumbukwa zaidi ilihusu mshumaa. Faraday aliuzima mshumaa taratibu, akasogeza kijiti chenye moto kwenye moshi uliokuwa ukipanda kutoka kwenye utambi, bila kuugusa utambi wenyewe. Moto ukateremka kupitia hewani na kuuwasha upya. Kwa tendo hilo moja hadhira iliona kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, si nta ngumu. Kisha alishikilia chombo chenye barafu na chumvi juu ya mwali, na upande wake wa chini yakajitokeza matone ya maji, maji yaliyozaliwa na moto. Hakuipunguza sayansi ili ieleweke. Alichagua kitu ambacho kila aliyekuwapo alikijua, akakifuata hadi ndani kabisa, na kila hatua ikawa na ushahidi ambao mtu angeweza kuuona kwa macho yake.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mhadhara wa umma na tangazo la matokeo. Anayesikia kwamba dawa fulani hupunguza hatari ya ugonjwa kwa asilimia 50 amepewa tangazo. Akielezwa kwamba kati ya watu 100 wasioitumia dawa hiyo wanaugua 2, na kati ya 100 wanaoitumia anaugua 1, kisha akaambiwa watu hao walichaguliwaje na kulinganishwa vipi, anaweza kuupima uzito wa dai hilo mwenyewe. Mtafiti anayeogopa kwamba maelezo ya aina hiyo yatawachosha watu huwa amewadharau bila kujua.

Maswali baada ya mhadhara ni sehemu yake kamili, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi zaidi kuliko unaotengwa kwa kawaida. Mikutano ya Café Scientifique, iliyoanza Leeds mwaka 1998, huupa mjadala nafasi kubwa kuliko hotuba: mtaalamu huzungumza kwa muda mfupi katika mkahawa au ukumbi mdogo, halafu waliohudhuria huuliza na kubishana naye.

Hata hivyo, hadhira ya umma haiwezi kuchukua nafasi ya tathmini anayofanyiwa mtafiti na wataalamu wenzake. Mwaka 1989 wanakemia wawili, Martin Fleischmann na Stanley Pons, walitangaza mbele ya waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Utah kwamba wamefanikisha muungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomi ili kutoa nishati, jambo ambalo kwa kawaida huhitaji joto kali mno, katika joto la kawaida la maabara, kabla makala yao haijachapishwa. Maabara nyingine nyingi zilijaribu kurudia jaribio hilo zikashindwa. Ndiyo maana mzungumzaji makini, anapogusia matokeo ambayo bado hayajapitiwa na wenzake, huwaeleza wasikilizaji wake waziwazi kwamba hayajapitiwa.