Gitaa la umeme lililotumika: yanayosemwa na wauzaji, na ukweli wake

Gitaa la umeme ni vipande vilivyokusanywa: shingo, mwili, pikapu (sumaku na koili ya waya inayonasa mlio wa nyuzi), potensiometa (kidhibiti cha sauti), daraja (kinachoshika nyuzi mwilini), funguo za nyuzi. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya Fender, alipoanza kuuza magitaa yake yenye mwili wa mbao tupu California mwaka 1950, shingo ilifungwa mwilini kwa skrubu nne, na mpaka leo fundi mwenye bisibisi anaweza kuibadilisha kwa dakika chache. Ndiyo maana Stratocaster moja, modeli ya Fender, inaweza kuwa na shingo ya Mexico, mwili wa Korea na bamba la chuma la Marekani. Asili ya gitaa hujulikana pale vipande vyote vinapotoa ushahidi mmoja. Kipande kimoja peke yake hakitoshi, hata kiwe kinang'aa namna gani.

"Jina lililo kichwani linatosha"

Halitoshi. Stika zenye jina la Fender huuzwa peke yake mtandaoni, na bamba za chuma zenye namba vilevile. Jina lisome mwisho.

Anza na muungo wa shingo. Les Paul, modeli ya kampuni ya Gibson, shingo yake imeunganishwa kwa gundi. Ukiigeuza ukakuta bamba la chuma na skrubu nne, hiyo si Les Paul ya Gibson, kichwa kiandikwe chochote. Epiphone, chapa iliyo chini ya Gibson, wana Les Paul za bei nafuu zenye skrubu, nazo ni halali kabisa, ila bei yake ni nyingine.

Kisha chukua rula. Pima kutoka kile kipande cha mfupa au plastiki kinachopitisha nyuzi kichwani hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), uzidishe kwa mbili. Stratocaster na Telecaster, zote za Fender, hutoa milimita 324 mara mbili, yaani 648. Les Paul hutoa takribani 312 hadi 314 mara mbili, yaani 624 hadi 628. Kipimo kikiwa mbali na hapo, uliza maswali zaidi.

Les Paul bandia zina tabia zake. Kile kifuniko kidogo kilicho kichwani, kinachoziba chuma cha ndani ya shingo, kwa Gibson hushikwa na skrubu mbili. Kwenye bandia nyingi utakuta tatu. Nguzo za daraja kwenye bandia mara nyingi ni nene na zina mfuo wa bisibisi juu. Na kwenye Gibson nyingi za kawaida zilizotengenezwa tangu 1977, namba nyuma ya kichwa imegandamizwa ndani ya mbao, na maneno "Made in USA" vivyo hivyo. Pitisha ukucha juu yake: unapaswa kuhisi shimo. Namba iliyochorwa tu juu ya vanishi ni sababu ya kuuliza zaidi.

"Namba ya mfululizo inakupa mwaka, basi"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu fedha nyingi kuliko zote, kwa hiyo tuiangalie kwa utulivu.

Kwa Gibson, mfumo ulioanza 1977 una tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka huo, tatu za mwisho ni nafasi katika uzalishaji. Namba 71238145 inasema: mwaka 78, siku ya 123, yaani tarehe 3 Mei 1978. Hizo 145 za mwisho zinasema Kalamazoo, kwa sababu wakati huo 001 hadi 499 zilikuwa za kiwanda cha Kalamazoo na 500 kwenda juu za Nashville. Kalamazoo ilifungwa 1984, na mgawanyo huo ukaisha. Tangu 2005 namba nyingi zina tarakimu tisa. Lakini ukirudi nyuma miaka ya 1960, Gibson walirudia namba zilezile kwa miaka tofauti. Mtu anayekuambia "namba inasema 1965" huenda ameshika gitaa la 1967, na tofauti ya bei ni kubwa.

Kwa Fender, hadi 1976 namba ilikuwa kwenye bamba la chuma la nyuma. Bamba hizo wafanyakazi walizichota sandukuni bila kufuata mpangilio, kwa hiyo namba ndogo haimaanishi gitaa lilitangulia. Kuanzia 1976 namba ikahamia kichwani ikiwa na herufi: S ni miaka ya 1970, E ni 1980, N ni 1990, Z ni 2000. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo. Baadaye zikaja US10 kwa Marekani na MX10 kwa Mexico, yaani 2010, na kuendelea. Ukikuta MN au MZ, gitaa ni la Mexico, la miaka ya 1990 au ya 2000.

Mtego upo kwenye E. Fender Japan, iliyoanza 1982, nayo ilitumia E kwa magitaa ya kati ya 1984 na 1987. Herufi moja, nchi mbili. Kinachotenganisha ni maneno "Made in Japan", ambayo aghalabu yako nyuma ya shingo, karibu na inapoingia mwilini, mahali ambapo watu wengi hawaangalii na muuzaji hapigi picha. Stika za namba pia zilichapwa mapema, zikabaki dukani, zikatumika mwaka uliofuata. Namba ikutafutie muongo. Mwaka kamili uuthibitishe ndani ya gitaa.

"Kulifungua ni kuliharibu"

Kulifungua vibaya ndiko kuliharibu. Legeza nyuzi zote, zifunge kwa kepo (kibano cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza zisitawanyike, kisha piga picha kabla ya kugusa skrubu yoyote. Kwa gitaa lenye shingo ya skrubu, toa skrubu zake, uzipange mezani kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa. Chini ya kisigino cha shingo tafuta tarehe: kwa Fender za zamani ni penseli au muhuri wa wino. Hiyo ni tarehe ya shingo, si ya gitaa zima kukusanywa. Miezi kadhaa katikati ni jambo la kawaida.

Halafu fungua bamba la plastiki la mbele. Stratocaster ya 1954 hadi 1959 ina skrubu nane, za baadaye kwa kawaida zina kumi na moja. Geuza uangalie mgongo wa potensiometa, vile vidude vya mviringo vilivyo chini ya vifundo vya sauti. Za Marekani huwa na kipenyo kama cha milimita 24 na namba iliyogongwa kwenye chuma. Tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Mbili za mwisho ni wiki, na zilizo katikati ni mwaka. 1377633 ni CTS, 1976, wiki ya 33. Hapo kuna kanuni moja ya kushika: potensiometa ya asili hukuambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya tarehe hiyo, lakini haikuambii ni la baada yake kwa muda gani. Fender walinunua shehena kubwa mwaka 1966, wakaitumia miaka kadhaa mbele. Gitaa la 1969 lenye potensiometa za 1966 si la kushangaza.

Ukiwa humo ndani angalia lehemu. Ya kiwandani imekauka rangi yake na haijaguswa mara mbili. Madonge yanayong'aa na plastiki ya waya iliyoungua ni dalili ya mkono wa baadaye. Angalia pia ukuta wa shimo la pikapu: ukiona matabaka, mwili ni wa plaiwudi. Na ukiwa na ile taa ya kukagulia noti, zima taa za chumba umulike mwili wote. Sehemu iliyopakwa upya hung'aa tofauti na zilizobaki.

Wakati wa kurudisha skrubu, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukiilazimisha, inachonga njia mpya, na tundu likilegea shingo haitashika tena.

"La Japani ni la kuiga"

Magitaa ya Fender Japan ya mwanzo yalitengenezwa na kampuni ya FujiGen, mjini Matsumoto, na yale yenye namba za JV, ya 1982 hadi 1984, wakusanyaji wanayatafuta sana. Ni Fender halali.

Lililo karibu na dhana hii ni neno la Kiingereza "lawsuit", yaani kesi, ambalo wauzaji hulibandika kila nakala ya Kijapani ya miaka ya 1970 ili bei ipande. Kesi ilikuwa moja: mwaka 1977, kampuni mama ya Gibson ilishtaki wasambazaji wa Ibanez nchini Marekani kuhusu umbo la kichwa, na ikamalizwa kwa maelewano. Kampuni nyingine za nakala hazikuhusika. Ibanez za wakati huo zinasomeka kirahisi: herufi A hadi L ni mwezi, tarakimu mbili ni mwaka. H78 ni Agosti 1978.

Kuhusu bei

Uzee peke yake hauuzi. Gitaa la miaka arobaini lililotoka kiwanda cha bei rahisi linabaki la bei rahisi. Na huku pwani, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani huleta kutu kwenye daraja na skrubu ndani ya mwaka au miwili. Usiihesabu kuwa dalili ya umri.

Pikapu mpya za gharama haziongezi thamani ya gitaa la zamani, zinaipunguza, isipokuwa za asili zimetunzwa na zinauzwa pamoja nalo. Kulipaka rangi upya ni hasara kubwa zaidi: kwenye gitaa la wakusanyaji wanunuzi wengi hukata karibu nusu. Kichwa cha Gibson kilichovunjika kikaunganishwa nacho hushusha bei sana, hata kazi iwe safi, kwa hiyo mulika tochi nyuma ya kichwa utafute mstari mwembamba.

Pikapu zipime kwa mita ya umeme: za koili moja husoma takribani kilo-omu 5.5 hadi 7, nyingi za koili mbili 7 hadi 9. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani.

Bei inayotajwa kwenye tangazo ni ombi tu. Kwenye masoko ya mtandaoni kama Reverb na eBay chuja matangazo yaliyokwisha kuuzwa, uchague ya modeli ile ile, nchi ile ile na hali ile ile, usome angalau matano. Kisha omba picha za kisigino cha shingo na mgongo wa potensiometa. Muuzaji akizikataa, mlipe bei ya gitaa lisilojulikana asili yake.