Ulimi Hauishiki Biti: Dhana Potofu Kuhusu Tepa za Lethi

Hakuna mwezi unaopita bila mteja kuniletea biti kubwa ya kutobolea chuma iliyokatika ulimi, yaani kile kipande bapa kilicho mwishoni mwa mkia wake, akiomba nimchomelee ulimi mwingine, kwa imani kwamba huo ndio unaoizuia biti isizunguke ndani ya telistoki, ile sehemu ya nyuma ya lethi (mashine ya kukereza) inayoishika biti. Imani hii wanayo hata wakerezaji wa miaka mingi, nayo imeziharibu telistoki nyingi ninazoletewa kutengeneza.

Ukweli ni kwamba kinachoishika biti ni msuguano baina ya nyuso mbili za tepa, yaani mkia wa biti unaopungua unene kuelekea mwisho na tundu la umbo hilohilo linaloupokea. Tepa ya Morse, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1860, ina mwinamo wa takribani digrii moja na nusu kutoka kwenye mhimili, ilhali chuma kikavu juu ya chuma huanza kuteleza mwinamo unapofika digrii nane hivi. Ndiyo maana tepa iliyosukumwa barabara haitoki yenyewe, na kadiri kazi inavyoikandamiza biti ndivyo tepa inavyozidi kubana. Ulimi umewekwa hasa ili kabari, au ncha ya skrubu ya telistoki, ipate mahali pa kusukuma wakati wa kuitoa biti. Kwenye slivu (bomba la kuunganisha tepa za namba tofauti) au telistoki yenye mfuo wa kuupokea, ulimi husaidia kidogo, lakini lethi nyingi hazina mfuo huo kabisa, ulimi hauegemei kitu, na biti inatoboa vizuri tu.

Kwa hiyo ulimi unapokatika, msuguano umekwisha kushindwa kabla yake. Chanzo huwa ni chembe ya chuma iliyobaki ndani, kibonyeo pembeni mwa tepa, au mafuta ambayo mtu ameyapaka kwa makusudi ili biti itoke kwa urahisi. (Mafuta ni ya kuhifadhia dhidi ya kutu, kabla ya kazi yafutwe yote.) Biti inateleza, inazunguka, inachimba mikwaruzo ndani ya telistoki, na tangu siku hiyo hakuna tepa itakayokaa humo sawasawa. Kuchomelea ulimi mpya hakuondoi hata kimoja kati ya visababishi hivyo, na joto la kuchomelea huweza kuipinda tepa yenyewe. Futa tepa na tundu lake kwa kitambaa kikavu, pitisha kidole mashine ikiwa imezimwa, kisha chora mistari ya chaki kwa urefu wa tepa, iingize, izungushe kidogo na uitoe: chaki iliyofutika upande mmoja tu inaonyesha kwamba nyuso hazikutani. Vinundu viondolewe kwa jiwe la kunolea, na tundu lililokwaruzika lisafishwe kwa rima (kikatio cha kusawazisha tundu) ya Morse ya namba yake, kwa mkono. Msasa uliofungwa kwenye kijiti sitaki hata kuusikia.

Wengine husema tepa zote za Morse zina mwinamo mmoja na hutofautiana unene tu. Sivyo: namba 3 ni 1:19.922, yaani unene hupungua milimita 1 kwa kila urefu wa milimita 19.922, na namba 5 ni 1:19.002. Anayekereza slivu ya kutoka 5 kwenda 3 kwa kuiacha slaidi ya juu (sehemu ya lethi inayobeba kisu na kugeuzwa kwa pembe) kwenye pembe ileile ndani na nje atapata kitu kinachoingia, lakini kisichoshika.

Kupachika slivu juu ya slivu nako hudhaniwa hakuna madhara. Kila slivu huongeza kosa lake la kutokaa katikati na kuirefusha biti mbali na telistoki, kwa hiyo tafuta adapta moja inayotoka namba kubwa hadi ndogo moja kwa moja.

Vilevile, tepa ya Morse isiyo na boliti ya kuivutia kwa nyuma haifai kushika kisu cha kusagia, kwa sababu msukumo wa pembeni pamoja na mtetemo huilegeza.

Mwisho ni vichwa vya drili, vile vya kubana biti ndogo, vinavyodondoka kwenye adapta zake, ambavyo wenyewe huvilaumu kuwa ni feki. Mara nyingi mtu amechanganya B16 na Jacobs 33, aina mbili za tepa fupi zinazoingia nyuma ya kichwa: upande mpana wa kwanza ni milimita 15.733, na wa pili ni 15.850, kwa hiyo macho hayatofautishi, lakini mwinamo wa B16 ni ule wa Morse namba 2, takribani 1:20, na wa Jacobs 33 ni mkali zaidi, karibu 1:15.75. Vitashikana kwenye ukingo mmoja mwembamba tu, na hakuna nyundo itakayovilazimisha. Soma alama iliyogongwa kwenye kichwa kabla ya kununua adapta.